Mombasa hadi Jidda: Masafa ya Ndege na Mikati ya Angani

Mwenye kuitazama ramani ataona kwamba Mombasa na Jidda zinakaribia kuwa katika mstari mmoja, Jidda ikiwa kaskazini. Masafa ya angani baina ya viwanja vyake viwili ni takriban kilomita 2,860. Kutoka Nairobi ni kama kilomita 2,570, nayo ndege huchukua kiasi cha saa tatu u nusu hadi nne. Wazee wetu waliyakata masafa haya kwa majuma mengi baharini.

Hata hivyo, muda wa ndege si muda wa safari. Msafiri wa Mombasa aghalabu hupitia Nairobi, Addis Ababa au mji mmojawapo wa Ghuba, na kungoja kwenyewe huweza kumaliza mchana kutwa.

Tena iko hesabu iliyo muhimu zaidi. Mwenye kukusudia Umra au Hija haimfalii kuivuka mikati bila ya ihramu, na abiria wa Jidda huifikia mikati yake angali angani. Atokaye kusini huzingatia Yalamlam. Apitiaye Ghuba akaja kwa upande wa mashariki huzingatia Qarn al-Manazil. Aanzaye kwa kuzuru Madina huhirimia Dhul-Hulayfa. Basi tiketi ndiyo inayoainisha mikati. Ndege nayo huenda kiasi cha kilomita 14 kwa dakika moja, na aliyepitiwa na usingizi huamka mikati imeshabaki nyuma, akalazimika kurudi au kuchinja. Kwa hivyo oga na uvae ihramu kabla ya kupanda, kisha utie nia mapema kidogo kabla ya kuikabili mikati.

Enyi mama na dada zetu, lishikeni sana hili: hedhi haizuii ihramu. Asmaa bint Umays alijifungua mtoto pale Dhul-Hulayfa, na Mtume (S.A.W.) akamwamrisha aoge na ahirimie. Mwenye hedhi naye hutia nia, akaleta talbiya, akaiakhirisha tawafu mpaka atwahirike. Anayevuka bila ya nia kwa kudhani kwamba hana ibada hujitwika fidia bure.

La mwisho ni jua. Saa ya Kenya na ya Saudia ni moja, lakini machweo si mamoja. Mwezi wa Juni jua la Jidda huchwa takriban dakika 50 baada ya la Mombasa. Disemba hutangulia kwa kiasi cha dakika 45. Aliyefunga akiwa safarini asifuturu kwa saa ya nyumbani, bali alitazame jua la pale alipo.

Basi kabla ya kulipa nauli, muulizeni wakala mambo matatu: ndege inapitia wapi, inatua saa ngapi, na mikati itatangazwa lini. Mwenyezi Mungu awafikishe salama na awatakabalie.