Makundi Mawili ya Namba na Ulinzi wa Ujumbe

Kila namba nzima yaweza kuandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Katika mfumo huu wa kizio cha mbili, tano huandikwa 101, na saba huandikwa 111.

Namba kutoka 0 hadi 7 na zigawanywe hivi: ambazo idadi ya tarakimu 1 ndani yake ni shufwa ziingie kundi la kwanza, ambazo idadi hiyo ni witiri ziingie kundi la pili. Kundi la kwanza hupata 0, 3, 5 na 6. La pili 1, 2, 4 na 7. Jumla ya kila kundi ni 14. Aidha, jumla ya vipeo vyao vya pili ni 70 kila upande. Mwaka 1851 Eugène Prouhet wa Ufaransa alitoa kanuni ya jumla ya ugawaji huu.

Faida yake huonekana katika kompyuta. Tarakimu moja ikigeuka njiani, namba huhama kundi. Ikiwa zinapelekwa namba za kundi la kwanza peke yake, na 101 ikapokewa kama 111, mpokeaji hutambua mara moja kwamba pana kosa. Lakini tarakimu mbili zikigeuka, 101 ikawa 110, kosa hujificha. Tena kosa likionekana, mahali pake hapajulikani. Mwaka 1950 Richard Hamming wa Marekani alichapisha njia ya kuonyesha tarakimu iliyokosewa ili isahihishwe.

Mwanafunzi na agawe namba 0 hadi 15, kisha alinganishe hata vipeo vya tatu.