Hati ya Kichina katika Tarakilishi: Alama Moja au Mbili?

Aghalabu mwandishi wa Kiswahili hana haja ya kujiuliza tarakilishi inazihifadhi vipi herufi zake. Herufi hizo, pamoja na ritifaa ya ng', zilitoshea katika ASCII, msimbo wa Marekani wenye nafasi 128 pekee. Kichina hakikuwa na bahati hiyo. Hati yake haina alfabeti. Kila alama kwa kawaida huwakilisha silabi moja yenye maana, na alama zenyewe ni maelfu kwa maelfu. Makala haya yanafafanua jinsi zilivyoingizwa katika tarakilishi, na kubainisha kwamba kazi hiyo, ijapodhaniwa kuwa ya wahandisi tu, kiini chake ni swali la kiisimu: ni wakati gani maumbo mawili huwa alama moja?

Ifahamike kwanza kwamba tarakilishi haihifadhi maumbo bali nambari. Kila alama hupewa nambari yake, kisha fonti huchora umbo kwenye skrini. Kwa kuwa baiti moja ina nafasi 256 tu, wataalamu waliunganisha baiti mbili kwa kila alama. Japani ilitoa orodha yake mwaka 1978. China ikatoa GB 2312 mwaka 1980, yenye alama 6,763. Taiwan nayo ikapata Big5 mwaka 1984, yenye alama zaidi ya 13,000. Kila orodha ilikuwa na nambari zake. Matini iliyoandikwa Taipei, ikifunguliwa Beijing kwa orodha nyingine, iligeuka vurugu lisilosomeka.

Isitoshe, kila orodha iliwaacha watu nje. Zhu Rongji alikuwa Waziri Mkuu wa China kuanzia 1998 hadi 2003, lakini alama 镕, ya pili katika jina lake, haikuwemo katika GB 2312. Ikiwa jina la kiongozi huyo lilikwama, la mwanakijiji lingepitia wapi?

Suluhisho lilitokana na Unicode, mradi wa kuzipa hati zote za dunia orodha moja. Mwaka 1992 ulikusanya alama 20,902 zitumiwazo China, Japani na Korea. Leo 中, yaani 'katikati', ni 20013 popote iandikwapo. Katika mfumo wa UTF-8 huchukua baiti tatu, ilhali herufi ya Kiswahili huchukua moja.

Hapa ndipo swali letu lilipozuka. Alama 骨, 'mfupa', huchorwa kwa namna tofauti kidogo China na Japani, lakini ilipewa nambari moja, kwa hoja kwamba tofauti hiyo ni ya mwandiko tu. Kwa upande mwingine, 馬 na 马 zote humaanisha 'farasi', ya pili ikiwa ni ufupisho wa ya kwanza. Hata hivyo, zilipewa nambari mbili kwa sababu muundo wenyewe ulibadilika. Baadhi ya Wajapani walipinga kuunganishwa huko, wakihofia kwamba mapokeo yao ya uandishi yangemezwa.

Kufikia sasa Unicode ina alama zaidi ya 97,000 za aina hii, na bado zinaongezwa, zikiwemo za majina ya watu na ya vitabu vya kale. Kila mojawapo hujadiliwa na wajuzi wa hati kabla ya kupewa nambari. Mwanafunzi wa lugha asijione mgeni katika majadiliano ya aina hiyo, kwani mhandisi pekee hawezi kuamua kama maumbo mawili ni alama moja.