Mchakato, Uzi na Mfu Asiyezikwa: Istilahi za Kiswahili katika Taarifa za Kiini cha Linux

Kiini cha mfumo endeshi wa Linux hutoa taarifa za programu zinazoendeshwa kupitia saraka iitwayo /proc. Faili zake hazihifadhiwi katika diski; kiini huzitunga pale zinaposomwa. Kila mchakato una saraka yake, inayoitwa kwa nambari ya utambulisho, na ndani yake mna saraka ndogo, task, inayoorodhesha nyuzi zake. Programu za ps na top husoma humo. Wazo la kuudhihirisha mchakato kama faili lilielezwa na Tom Killian mwaka 1984, katika mfumo wa Unix.

Ugumu wa kiistilahi unaanzia hapo. Ndani ya kiini cha Linux, mchakato na uzi huwakilishwa kwa muundo wa aina moja. Katika faili ya status, mchakato wenye uzi mmoja huonyesha thamani ileile kwa Tgid, yaani nambari ya kundi, na kwa Pid. Tofauti hujitokeza nyuzi zinapoongezeka.

Sarufi ya Kiswahili ina hali inayokaribiana na hiyo. Mchakato umo katika ngeli ya U-I, uzi katika ngeli ya U-ZI. Katika umoja, nomino zote mbili huchukua kiambishi u-. Kauli "unasubiri" haibainishi kinachosubiri. Wingi ndio unaotenganisha "inasubiri" na "zinasubiri". Mfasiri anayedondosha nomino katika umoja humpotosha mtumiaji, na athari yake si ya kisarufi pekee: ishara ya KILL, hata ikielekezwa kwa uzi mmoja, huangamiza mchakato mzima.

Mfano wa pili ni hali Z, ya mchakato uliokwisha ambao mzazi wake hajapokea taarifa ya mwisho wake. Neno "msukule" huvutia, lakini msukule, katika imani zinazojulikana Tanzania, hutumikishwa. Mchakato wa hali Z haufanyi kazi yoyote. Umeshaachia kumbukumbu yake, umebakiza nafasi katika orodha tu. Kuuamuru ufe hakuna maana, kwa kuwa umekwisha kufa. Istilahi "mfu asiyezikwa" inafaa zaidi, kwa sababu humwelekeza msomaji kwenye chanzo: mzazi ambaye hajatimiza wajibu wa maziko.

Istilahi ya kompyuta, basi, haipimwi kwa ulinganifu wake na neno la kigeni, bali kwa uamuzi ambao msomaji wake ataufanya.