MINYOO WA PWANI: VIUMBE TUNAOWAKANYAGA BILA KUWAJUA





Siku moja ya bamvua niliwachukua wanafunzi kwenda matembezi ya pwani baada ya masomo. Maji yalikuwa yametoka sana na mawe yote yako wazi. Mwanafunzi mmoja aligeuza jiwe, akamwona mdudu mrefu wa rangi ya hudhurungi, ubavuni ana vinywele vyeupe laini kama pamba. Akamshika. Papo hapo alipiga ukelele, vidole vinamuwaka kama vimeguswa na moto. Wenzake wakaniuliza, "Maalim, huyu ni tandu wa baharini?" Sikuwa na jibu. Nilimpeleka mtoto kwao, nikarudi nyumbani nikiwa na aibu. Nimezaliwa pwani, nimekula samaki wa pwani, na kiumbe aliye chini ya jiwe la pwani simjui!

Tangu siku hiyo nimesoma na kuuliza, na haya ndiyo niliyoyapata. Nawaletea ili tunufaike sote.

Ni viumbe gani hawa?

Mdudu yule si tandu. Ni mnyoo wa baharini, jamaa wa nyungunyungu wa shambani na wa ruba. Wote hawa miili yao imegawika pingili pingili. Tofauti ni kwamba huyu wa baharini ana viguu vidogo kila upande wa pingili, na kila kiguu kina vinywele vigumu. Ndiyo maana wataalamu humwita polikaeta, jina la Kigiriki lenye maana ya "nywele nyingi". Vinywele hivyo humsaidia kutambaa, kuogelea, kushikilia shimo lake asivutwe na adui, na wengine huvitumia kama silaha.

Aina zao zinazojulikana zimepita 10,000, na kila mara zinagunduliwa nyengine. Wako wadogo wasioonekana bila ya kioo cha kukuzia, na wako warefu kuliko mtu. Mnyoo aitwaye Eunice aphroditois, anayeishi katika Bahari ya Hindi na Pasifiki, hujifukia mchangani akaacha kichwa tu. Samaki akipita, humnasa kwa mataya yake na kumvuta chini. Mmoja aliyepatikana Japani mwaka 2009 alipimwa akaonekana ana urefu wa karibu mita 3.

Wanaishi wapi?

Ukienda pwani maji yakiwa yametoka, pita taratibu na utazame sehemu hizi:

1. Mchangani na kwenye matope ya mikoko. Vile vijirundo vya mchanga vilivyoviringwa kama tambi, vingi ni kazi ya minyoo. Mnyoo humeza mchanga, akala uchafu uliooza uliomo ndani yake, kisha akautoa mchanga safi juu. Hapa ndipo wavuvi wetu wanapochimba chambo.

2. Kwenye majani ya bahari. Wengi hujificha baina ya mizizi. Hao ni chakula cha samaki wadogo, kaa na kamba.

3. Chini ya mawe na vipande vya matumbawe. Hapa ndipo nyumbani kwa yule aliyemchoma mwanafunzi wetu.

4. Ndani ya matumbawe yaliyo hai. Wapo wanaojenga mirija migumu na kutoa nje vishada viwili vya manyoya, vyekundu, vya manjano au vya buluu, mithili ya miti miwili midogo. Manyoya hayo ndiyo wanayopumulia na kunasia chakula. Ukipitisha kivuli cha mkono tu, hutoweka kufumba na kufumbua, na mlango wa mrija hufungwa kwa kifuniko.

5. Katika bahari kuu. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galapagos, wachunguzi walikuta chemchemi za maji ya moto chini kabisa ya bahari, kusikofika jua. Huko wapo minyoo wanaopita mita 2 kwa urefu, hawana mdomo wala tumbo. Bakteria wanaoishi ndani ya miili yao ndio wanaowatengenezea chakula. Na mwaka 2002, pwani ya California, katika kina cha zaidi ya mita 2,800, walipatikana minyoo wanaokula mifupa ya nyangumi aliyekufa.

Minyoo na hesabu ya mwezi

Sisi tunaohesabu siku zetu kwa mwezi mwandamo, habari hii itatupendeza zaidi. Huko visiwa vya Samoa, katika Bahari ya Pasifiki, yuko mnyoo wa matumbawe aitwaye palolo. Mwaka mzima amejificha. Inapofika Oktoba au Novemba, mwezi ukiwa katika robo ya mwisho, yaani tarehe ishirini na kitu, sehemu ya nyuma ya mwili wake iliyojaa mayai au mbegu hukatika na kupanda juu ya maji usiku. Maelfu kwa maelfu hupanda kwa pamoja, mayai yakakutana na mbegu. Sehemu ya mbele hubakia mwambani na huota mkia mwengine. Watu wa huko huujua usiku huo, wakatoka na vyavu kuwavua, kwani kwao ni chakula kinachopendwa.

Tazameni jambo hili! Mnyoo hana kalenda wala saa, lakini miadi yake haikosei.

Wana faida gani?

Mtu anaweza kusema, "Mnyoo ni mnyoo, ana faida gani?" Faida zake ni nyingi.

Kwanza, kwa kuchimba kwao wanaingiza hewa ndani ya matope. Matope yasiyopata hewa hunuka, na viumbe wengi hawawezi kukaa humo.

Pili, ni chakula. Samaki wengi tunaowanunua sokoni wamekua kwa kula minyoo, au kwa kula wadogo waliokula minyoo. Wako pia ndege wenye midomo mirefu wanaosafiri kutoka Siberia kila mwaka kuja kwenye fukwe zetu, kama pale Mida Creek, Kenya, nao huwadonoa matopeni.

Tatu, wanatupa habari. Iko aina iitwayo Capitella ambayo huongezeka sana mahali panapomwagwa maji machafu, wakati wengine wamekufa. Wataalamu wakiikuta imejaa, hujua kwamba pahala hapo pamechafuka.

Nne, ni tiba. Mnyoo wa fukwe za Ulaya aitwaye Arenicola marina ana damu inayobeba hewa ya oksijeni takriban mara 40 kuliko ya mwanadamu. Kwa damu hiyo anaweza kukaa saa kadhaa akisubiri maji yajae. Wataalamu wa Ufaransa wameitumia kutengeneza dawa ya kuhifadhi figo kabla ya kupandikizwa kwa mgonjwa, na mwaka 2022 iliruhusiwa kutumika Ulaya.

Ukichomwa ufanye nini?

Vinywele vya mnyoo anayechoma ni vyepesi kuvunjika na hubakia ndani ya ngozi. Usisugue, kwani utavizamisha zaidi. Chukua plasta yenye gundi, ibandike pahala hapo kisha uibandue taratibu ili itoke navyo. Halafu osha kwa siki au spiriti. Uvimbe ukizidi, au mtu akipumua kwa shida, apelekwe hospitali haraka. Kina mama wanaokwenda kwenye mwani, na watoto wanaofuata pweza, wavae viatu.

Nasaha yangu

Ndugu zangu, utotoni nimegeuza mawe mengi nikayaacha chali. Sikujua kwamba nilikuwa nabomoa nyumba. Vilivyoota juu ya jiwe vikigeuziwa chini hukosa mwanga vikafa, na vilivyokuwa chini, pamoja na mayai, hukaushwa na jua. Jiwe moja, watu wawili: mmoja amelirudisha, mwengine ameliacha. Tofauti yao ni maisha ya viumbe chungu nzima.

Kwa hiyo, ukigeuza jiwe, lirudishe lilivyokuwa. Ukichimba chambo, chukua kinachokutosha, ufukie shimo, wala usikate mizizi ya mikoko. Usivunje matumbawe. Na taka za nyumbani tusizipeleke pwani, kwa sababu tutakula samaki waliotoka huko huko.

Yule mwanafunzi alipona. Sasa tukienda pwani, yeye ndiye wa kwanza kuwaambia wenzake, "Rudisha jiwe!"

Maswali ya kujipima

1. Taja tofauti moja baina ya nyungunyungu na mnyoo wa baharini.
2. Palolo hupanda juu ya maji mwezi ukiwa katika hali gani?
3. Kwa nini jiwe lirudishwe lilivyokuwa?