Mchumia juani naye anahitaji kivuli: Figo za mzee wa bustani msimu wa kazi nyingi

Na Daktari Wetu

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Methali hiyo tulifunzwa shuleni ili tusiogope kazi. Leo, mpenzi msomaji, ningependa tumtazame mtu ambaye huchumia juani mwaka baada ya mwaka na kivuli hakipati: mtunza bustani aliyejiajiri, ambaye umri umeanza kumpita.

Ukisimama Kona ya Musa, Ukunda, alfajiri ya mwezi wa Novemba au Desemba, utawaona wakipita na baiskeli, fyekeo limefungwa kwenye fremu, jembe na mkasi wa ua juu ya keria, wakielekea Diani upande wa bahari. Wengi si vijana. Baadhi yao walikuwa waajiriwa wa mahoteli hadi utalii ulipoyumba, kwanza baada ya ghasia za Likoni za Agosti 1997, na tena ugonjwa wa korona ulipofunga mahoteli mwaka 2020. Tangu hapo kila mmoja ana nyumba zake nne au tano anazozihudumia, na jina lake ndilo duka lake.

Msimu wao mkubwa huanza na mvua za vuli. Kati ya Oktoba na Desemba nyasi humea kwa kasi, na wakati huohuo wenye nyumba za kukodisha wanawangojea wageni wa Krismasi. Kila mmoja anataka ua wake upunguzwe na makuti makavu yaondolewe, tena wiki hiihii. Mapato ya wiki sita hizo ndiyo hulipa karo ya Januari. Basi nani atakubali kuugua mwezi wa Desemba?

MZEE ALIYEKUJA KLINIKI

Mwaka jana, katikati ya Desemba, alinijia mzee wa miaka 63 akishikiliwa na mwanawe. Alikuwa ametapika siku mbili, misuli ya miguu ikimkaza usiku, na mkojo ulikuwa haba na mweusi kama chai ya mkandaa. Yeye alidhani ni malaria. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Kipimo cha damu cha kreatinini, ambacho hutuonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi, kilikuwa juu sana.

Nilimuuliza anatumia dawa gani. Akatoa mfukoni vidonge vya presha nilivyomwandikia mimi mwenyewe, pamoja na karatasi ya diklofenaki aliyonunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo. Alikuwa akimeza asubuhi na jioni kwa wiki tatu. Nilipomuuliza kuhusu maji, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Daktari, pale ninapofanya kazi hakuna choo cha fundi. Nikinywa maji nitakojoa wapi?"

Tulimpeleka hospitali. Alitiwa maji kwenye mshipa, dawa zile zikasimamishwa, na figo zikarudi taratibu. Alirudi kazini Februari, nyumba mbili zikiwa zimeshachukuliwa na vijana. Nami nilibaki na jambo la kujilaumu: nilipomwandikia dawa ya presha sikumwuliza anafanya kazi gani. Nimeandika makala haya kwa sababu hiyo.

MWILI WA MIAKA SITINI

Mwili hujipoza kwa jasho. Jasho linapokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Lakini pwani yetu hewa huwa na unyevu mwingi, hivyo jasho hutiririka bila kukauka. Mtu hupoteza maji bila kupata ubaridi. Anayefanya kazi nzito kwenye joto huweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa.

Kijana husikia kiu mapema na kukimbilia mtungi. Kadiri umri unavyosonga, kiu huchelewa. Mzee anaweza kuwa amepungukiwa na maji kwa kiasi cha kumdhuru na bado akasema, "Sina kiu." Figo nazo, hata za mtu mzima wa afya, hupungua nguvu kwa miaka. Kwa hiyo mzee anayejivunia kwamba hufanya kazi hadi adhuhuri bila kunywa maji anajivunia hatari.

MAMBO MATATU YANAPOKUTANA

Figo huchuja damu kwa msukumo, kama vile maji yanavyopita kwenye chujio. Msukumo ukishuka, uchujaji hupungua. Sasa tazama mambo matatu yanavyoushusha.

La kwanza ni jasho bila maji, ambalo hupunguza damu inayofika kwenye figo. Baadhi ya dawa za presha huongeza upungufu huo, kwa sababu kazi yake ni kutoa maji na chumvi mwilini kwa njia ya mkojo.

La pili ni dawa nyingine za presha, kama enalapril na losartan. Dawa hizi ni nzuri, na kwa kawaida huzilinda figo. Lakini hulegeza mshipa unaotoa damu kwenye chujio, na hivyo hupunguza msukumo ndani yake. Mtu mwenye maji ya kutosha hana shida na jambo hilo.

La tatu ni dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni. Hizi hubana mshipa unaoingiza damu kwenye chujio. Zaidi ya hayo hupandisha presha ileile unayoitibu, na huweza kuleta vidonda vya tumbo vinavyotoka damu.

Kila jambo peke yake, figo huweza kulistahimili. Yakikutana yote matatu katika mtu mmoja mwezi wa Desemba, figo zinaweza kuzimika kwa siku chache. Wala sindano ya diklofenaki si salama kuliko kidonge. Dawa ni ileile.

Hatari ya jua kwa figo si jambo la kwetu pekee. Kuanzia miaka ya tisini madaktari wa El Salvador na Nicaragua wamewaona wakata miwa, wengi wao vijana wasio na presha wala kisukari, wakipata ugonjwa sugu wa figo. Joto na upungufu wa maji vinahesabiwa miongoni mwa sababu kubwa. Huko El Salvador uliendeshwa mradi wa kuwapa wakataji maji, mapumziko na kivuli. Kila mtu alikata miwa mingi zaidi kwa siku kuliko kabla. Kwa hiyo mapumziko si uvivu.

MGONGO NITAUTIBUJE?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kila siku. Anza na kazi yenyewe. Noa fyekeo kila asubuhi, kwa kuwa fyekeo butu ndilo huvunja mgongo. Badilisha kazi kila nusu saa: ukifyeka, kisha pogoa, kisha fagia. Palilia ukiwa umepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa badala ya kuinama. Toroli lijazwe nusu, hata kama safari zitaongezeka.

Ikibidi dawa, parasetamoli ni salama zaidi kwa figo. Vidonge viwili vya miligramu 500, mara tatu kwa siku, humtosha mtu mzima, na visizidi vinane kwa saa 24. Anayekunywa pombe, ukiwemo mnazi, au mwenye ugonjwa wa ini, aulize kwanza, kwa maana ini lake linaweza kudhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Ukienda duka la dawa, taja presha yako kabla ya kutaja mgongo.

Usiache dawa za presha kwa sababu ya makala haya. Presha isiyotibiwa nayo huharibu figo, moyo na ubongo. Muulize daktari wako mapema: "Nikitapika, nikiharisha, au nikishindwa kunywa maji, vidonge vipi nivisimamishe, na kwa siku ngapi?" Akuandikie jibu kwenye kadi.

MAJI KIASI GANI?

Kunywa kikombe kimoja, yaani robo lita, kila baada ya dakika 15 hadi 20 unapofanya kazi juani. Usingoje kiu. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa, maana maji mengi mno hupunguza chumvi ya damu. Mwenye ugonjwa wa moyo au aliyekwisha ambiwa figo zake ni dhaifu apimiwe kiasi chake na daktari.

Dafu ni kinywaji kizuri kwa watu wengi, lakini lina potasiamu nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia enalapril au losartan, asiligeuze kuwa maji yake ya siku nzima.

Tazama mkojo wako. Ukiwa na rangi hafifu kama maji ya limau, endelea. Ukikolea, pumzika kivulini unywe maji. Ukiwa wa rangi ya chai ya mkandaa, acha kazi uende kituo cha afya siku hiyohiyo.

KABLA YA MSIMU KUANZA

Mwili huhitaji siku kadhaa kuzoea joto. Fundi mzoefu anayerudi kazini baada ya wiki kadhaa afanye nusu ya kazi siku ya kwanza, asilimia 60 siku ya pili, asilimia 80 siku ya tatu, na kazi kamili siku ya nne. Mwenye umri mkubwa aende polepole zaidi. Yule anayepokea nyumba tano siku moja baada ya mvua ya kwanza anaumia wiki ileile.

Nenda Septemba ukapimwe presha, sukari na kreatinini. Kumbuka pia kwamba aliyejiajiri hana mwajiri wa kumlipia. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007 inawalinda waajiriwa. Bima ya NHIF ilirithiwa na SHA Oktoba 2024, na asiye na mshahara hulipa mchango wake mwenyewe, kwa kawaida wa mwaka mzima. Hakikisha umelipa kabla ya msimu, si siku ya kulazwa.

DALILI ZA KUTOPUUZA

Kizunguzungu, kichefuchefu, kukaza kwa misuli na kichwa kuuma ni onyo la kuacha kazi. Mtu akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akiyumba, au akianguka huku mwili unawaka, hiyo ni dharura. Mlazeni kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji baridi na kumpepea bila kukoma huku mkitafuta gari. Msimlazimishe kunywa ikiwa hana fahamu timamu. Maumivu ya kifua yanayobana, yawe yanashuka mkononi au la, msiyaite uchovu.

KWA WENYE NYUMBA

Nanyi mnaomwajiri kwa siku, mna sehemu yenu. Mwonyesheni bomba la maji ya kunywa na choo. Mkihofia mashine ya nyasi itawaamsha wageni asubuhi, msimwambie aanze saa tano jua likiwa utosini. Afagie na kupogoa kuanzia saa kumi na mbili, na mashine aiwashe saa kumi alasiri. Mpeni wiki mbili za kutayarisha bustani badala ya siku mbili.

Yule mzee sasa hubeba chupa mbili za maji kwenye keria, pamoja na kadi yake ya dawa. Nyumba moja kati ya zile mbili imemrudia, na mwenyewe amemfungulia choo cha nje. Mgongo bado humuuma, lakini kila saa moja huketi dakika kumi chini ya mwarobaini alioupanda yeye mwenyewe zamani. Huniambia kwamba mwanzoni aliona aibu kuonekana amekaa. Namjibu kwamba mchumia juani asingoje hadi kazi iishe ndipo atafute kivuli.