Sweta la sufu, ndege wa manjano na ekari ya shangazi

KILA shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, wazazi wengi jijini Nairobi hujiuliza watoto watawapeleka wapi bila kugusa karo ya muhula wa tatu. Agosti iliyopita familia yangu ilipanga siku tatu Kinangop, Kaunti ya Nyandarua: siku moja ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare na mbili kwa shangazi yangu, karibu na Njabini.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kwenda. Shangazi alikuwa amenipigia simu akitaka nimfanyie hesabu, kwani mimi ndimi niliyesomea mambo ya kilimo na pesa. Amebakiwa na ekari moja ya nyasi ambayo haijawahi kuguswa na jembe. Je, ailime apande viazi, au aendelee kuwaachia kondoo?

Kinangop ni uwanda ulio zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, na Agosti ni mwezi wa ukungu na baridi kali. Binti yetu wa miaka tisa na nduguye wa miaka sita walishuka garini wakitetemeka, ingawa walikuwa wamevaa masweta ya mtumba. Kabla ya chai kuiva shangazi alikuwa amewavisha mengine mazito ya sufu, aliyoyafuma kwa mkono. Hunuka kondoo kidogo yakinyeshewa. Hawakuyavua mpaka tuliporudi Nairobi.

Siku ya kwanza tulipanda hadi mbugani kwa lango la Mutubio, kwa gari tulilokodisha, kwa sababu gari letu dogo lisingeiweza barabara ile. Tuliona nyati, pongo na mbega, na tukasimama kutazama maporomoko ya Karuru, ambayo maji yake huanguka kwa ngazi tatu jumla ya mita 273. Ndovu hatukuwaona, ila kinyesi chao tu, na mtoto mdogo aliridhika na hicho. Kwa anayepanga safari kama hii, ada za mbuga hulipwa kupitia eCitizen, na ni vyema kuzitazama huko kabla ya kuondoka nyumbani kwa sababu hubadilishwa.

Jioni nilipopiga hesabu ya siku ile niliona jambo ambalo sikulipenda. Gari lilitugharimu Sh12,000, na juu yake kulikuwa na ada na mafuta. Pesa zilizobaki mikononi mwa wakulima wa Kinangop, wanaopakana na mbuga hiyo, zilikuwa za chapati na maziwa.

Kesho yake hatukwenda popote. Tulivuka ua tu, tukaingia katika ekari ya shangazi. Hapo anaishi ndege ambaye wageni husafiri kutoka ng'ambo kuja kumtafuta: Macronyx sharpei, anayejulikana kwa Kiingereza kama Sharpe's longclaw kwa ajili ya ukucha wake mrefu wa nyuma. Ana mgongo wa rangi ya nyasi kavu na kifua cha manjano. Duniani kote hupatikana Kenya pekee, na amewekwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hataki msitu wala hataki shamba la viazi. Anataka nyasi fupi zenye vishungi vya nyasi ngumu, na kiota chake hukificha chini, kando ya kishungi. Kondoo hula nyasi laini na kuacha vishungi. Kwa hivyo shangazi, bila kukusudia, amekuwa akimtunzia nyumba.

Nyumba hiyo haimo mbugani. Mbuga ya Aberdare inalinda misitu na nyika za baridi za mlimani, lakini uwanda wa Kinangop ni mashamba ya watu binafsi. Kikundi cha wenyeji cha Friends of Kinangop Plateau kiliona hivyo zamani, na kikaanzisha karakana ya kusokota sufu pale Njabini kwa wazo kwamba sufu ikilipa, nyasi zitabaki. Swali ni kama sufu inalipa. Tulikaa jikoni na daftari la shangazi, na hesabu zinazofuata ni zake.

Tuanze na viazi. Ekari moja humpa jirani yake wa karibu magunia 70 hivi ya kilo 50, na gharama ya mbegu, mbolea, dawa na vibarua ni kama Sh80,000. Msimu ambao gunia liliuzwa Sh2,500, jirani alipata Sh175,000, yaani faida ya Sh95,000. Msimu uliofuata kila mtu alikuwa amepanda, bei ikaanguka hadi Sh900, naye akapata Sh63,000. Hasara ya Sh17,000. Hata hivyo, misimu ni miwili kwa mwaka, na mmoja mzuri huweza kufidia ule mbaya.

Upande wa pili kuna kondoo wanane wa aina ya Corriedale, ambao pia huchungwa kando ya barabara. Kila mmoja hukatwa manyoya mara moja kwa mwaka na kutoa kilo tatu, jumla kilo 24. Ukiosha mafuta na uchafu, kisha ukaondoa yanayopotea wakati wa kuchana na kusokota, hubaki uzi wa kilo 13 hivi. Sweta la mtu mzima hula gramu 600, kwa hivyo hapo kuna masweta 21. Kuchana na kusokota uzi wa sweta moja humchukua shangazi saa 12, na kulifuma saa 35. Masweta yote 21 ni takriban saa 990 za kazi, nyingi zake usiku akisikiliza redio.

Mfanyabiashara wa mjini humpa Sh1,500 kwa sweta. Hiyo ni Sh32 kwa saa, kabla ya kutoa sabuni na rangi, na kibarua anayechimba viazi Kinangop hupata karibu maradufu. Kwa bei hiyo ningemwambia alime kesho. Lakini mgeni aliyefika shambani, akaona kondoo, akagusa uzi, hulipa Sh3,500, na hapo saa moja inakuwa Sh74. Sasa sindano inampita jembe la kibarua, na bado kuna wanakondoo wa kuuza na samadi ya bustani.

Kwa hivyo bei ya sweta inategemea mahali linapouzwa kuliko ufundi wa mfumaji. Gikomba hakuna mtu atakayelipa Sh3,500 huku mtumba ukiuzwa Sh200 meza ya pili, na simlaumu. Mimi mwenyewe nilinunua huko. Kule shambani mambo ni tofauti. Binti yangu alifundishwa kuanzisha mishono siku hiyo, akafuma kipande cha skafu chenye mashimo matatu, na alipojua kazi iliyomo hakukubali tuondoke bila kumnunulia baba yake sweta. Uzi wake ulipakwa rangi kwa maganda ya vitunguu, ukatoka manjano kama kifua cha yule ndege.

Wageni hao wanaweza kuwa Wakenya. Kutoka Nairobi hadi Njabini, ukikata kona pale Flyover katika barabara kuu ya Nakuru, ni safari ya chini ya saa mbili isiyohitaji gari la kukodisha. Familia haitaki mengi: choo safi, chakula cha mchana, mtu wa kuonyesha ndege bila kukanyaga viota, na bei iliyoandikwa wazi ili pasiwe na kubishana.

Nilimweleza shangazi pia jambo ambalo halimo katika daftari. Nyasi za vishungi zikishalimwa hazirudi kwa msimu mmoja wala miwili. Viazi unaweza kuviacha mwaka ujao, uamuzi wa kulima huwezi kuufuta. Na ndege huyo huhitaji eneo pana, kwa hivyo kulima nusu ekari kunaweza kumpotezea zaidi ya nusu.

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ndege atamlipia mjukuu wake karo. Sikuwa na jibu. Tuliafikiana hivi: nikimpatia wanunuzi kumi wa Sh3,500 kabla ya mvua za Machi, watu watakaokuja kuchukua masweta yao wenyewe pamoja na watoto wao, nyasi zitabaki mwaka huu. Wasipofika kumi, mwenye trekta ameshaambiwa aje katikati ya mwezi huo.

Kufikia wiki hii nimepata saba.