Usiulize Mazoezi, Uliza Utalala Wapi

Kila Oktoba, vikundi vinapoanza kujiandikisha ili viwe kileleni Kilimanjaro siku ya Uhuru, Desemba 9, naulizwa swali lile lile: "Daktari, nifanye mazoezi gani ili nisiugue mlimani?" Naulizwa kliniki, naulizwa harusini, nimeshaulizwa hata msibani. Jibu langu halijabadilika miaka yote: hakuna. Hakuna zoezi linalomkinga mtu na ugonjwa wa mwinuko.

Sisemi mazoezi hayana faida. Miguu iliyozoea kupanda inasaidia usiku wa kilele, na magoti imara utayahitaji zaidi wakati wa kushuka. Lakini kuchoka ni jambo moja na kuugua ni jambo jingine, na watu wanaendelea kuyachanganya mpaka wanapoteza maisha. Wanadhani kuhema kwa mlimani ni kuhema kwa uwanjani, basi mwenye pumzi za kumaliza marathoni atafika salama. Si kweli.

Kileleni, mita 5,895, oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, sawasawa na Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa: umebaki karibu nusu ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inakuletea karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unajibu kwa kupumua haraka na kwa kina. Hapo ndipo penye fundo. Kupumua huko kunatoa kaboni dayoksaidi nyingi mno, damu inazidi kuwa ya alkali, na ubongo ukiona hivyo unaamuru pumzi zipunguzwe. Usiku ndio mbaya zaidi: mtu amelala, pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, anashtuka akitweta. Zinazoondoa kizuizi hicho ni figo. Figo hutoa bikaboneti kwenye mkojo, damu ikarudi karibu na hali yake, ubongo ukaruhusu pumzi ziongezeke. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Mazoezi yanakuza moyo na misuli, lakini hayaharakishi figo. Mkimbiaji hodari na karani ambaye hajawahi kukimbia hata kuwahi basi, wote wawili wanazisubiri figo zao.

Kwa kweli ninaowahofia zaidi ni wenye nguvu. Mtu mnyonge akiumwa kichwa kwenye kambi ya Horombo anasema mapema na anapumzika. Mwenye nguvu ndiye aliyefika kambini wa kwanza, wenzake wamempigia makofi, sasa ataanzaje kusema anaumwa? Anasingizia jua, anasingizia njaa, anameza Panadol na kuendelea. Nimewapokea vijana wa namna hiyo wakishushwa kwa machela ya gurudumu moja, miili imejengeka vizuri, hawajui wako wapi.

Kama bado unabisha, watazame wapagazi, wale tunaowaita wagumu. Mgumu anabeba kilo 20, amezaliwa Marangu au Machame, na ameupanda mlima mara nyingi kuliko alivyowahi kupanda ndege mteja wake. Naye huumwa kichwa, hutapika, na wapo waliofia huko huko. Basi na ile hadithi ya kwamba Wachaga wana damu ya mlima tuiache. Vijiji vyao viko chini sana ya mahali ugonjwa huu unapoanza kuuma kweli.

Hesabu ya kuangalia ni hii. Juu ya mita 3,000, kanuni ya madaktari wa milimani ni kutopandisha mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kupumzika siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Safari ya siku 5 kwa njia ya Marangu inakulaza Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, kisha usiku huo huo unaamshwa kwenda kileleni. Mita 1,000 kila unapohamisha kitanda. Hakuna kifua kinachoweza kuifuta hesabu hiyo. Wala "pole pole" peke yake haitoshi: hata ukinyata kama kinyonga, ukifika Kibo siku ya tatu umefika siku ya tatu. Mwili unahesabu usiku uliolala.

Sasa ya kufanya. Chagua safari ya siku 7 au zaidi, kwa njia ya Lemosho au Machame; ukitaka Marangu, lala Horombo usiku mbili. Ukiweza, tangulia kupanda Mlima Meru, mita zaidi ya 4,500, siku chache kabla. Asetazolamaidi, yaani Diamox, inaharakisha kazi ya figo: miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda, baada ya kuonana na daktari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Vidole vitakufa ganzi kidogo, na utakojoa sana, vumilia. Pombe na vidonge vya usingizi acha nyumbani. Mwenye selimundu asipande. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, usipande hata hatua moja. Lala hapo hapo, na kisipotulia, shuka. Mtu akipepesuka, mtembeze kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akishindwa, ubongo unavimba. Akihema hali amekaa tu, au akikohoa povu, mapafu yanajaa maji. Wote wawili washushwe saa hiyo hiyo, hata ikiwa saa nane ya usiku, na wasishuke peke yao. Mtungi wa oksijeni na sindano ya deksamethasoni ni vya kukupa muda wa kushuka, si vya kukufikisha kileleni. Kiongozi wako akisema rudi, rudi.

Najua kinachowafanya watu wachague siku 5. Kila siku ya ziada ina ada ya hifadhi, chakula, na malipo ya wapagazi, na hela ni ngumu. Lakini watu hao hao wamelipia gym miezi sita ili wajiandae na mlima. Hela hiyo ingetosha kununua kitu ambacho figo zinakihitaji kweli: usiku mmoja zaidi Horombo. Na kama haitoshi, ahirisha mpaka Desemba ijayo.